Moshi wa tanuri na haki ya jirani: Sadaka haisafishi hewa

  

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu jambo ambalo ni nadra kulisikia katika hutuba zetu za Ijumaa, nalo ni moshi na vumbi vinavyotoka katika viwanda na matanuri yetu. Wengi tunadhani kuwa hilo ni suala la wataalamu wa serikali na wageni wanaokuja na miradi ya mazingira. Makusudio yangu ni kuonesha kuwa ni suala la fiqhi, lenye hukumu zake, na kwamba linaingia moja kwa moja katika haki za waja. Haki hizo, kama tujuavyo, hazifutwi kwa swala wala kwa sadaka mpaka mwenye haki arejeshewe haki yake au asamehe.

Lakini kabla sijamnyooshea kidole mwenye kiwanda, inanipasa nianze na nafsi yangu.

Tanuri letu la madrasa

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Bweranyange, Karagwe, mkoani Kagera. Mwaka juzi tuliamua kujenga darasa jipya la madrasa. Fedha zilikuwa chache, kwa hiyo tukaamua kufyatua matofali wenyewe na kuyachoma. Vijana walijitolea, akina mama wakapika uji, nasi wa kamati tukatafuta kuni. Tulipewa magogo ya mikaratusi ambayo yalikuwa bado mabichi. Tanuri tukalijenga pembeni mwa kiwanja, karibu kabisa na ua wa jirani yetu, bibi mmoja mjane anayeishi na mjukuu wake. Bibi huyo si Muislamu, na kwa muda mrefu amekuwa na ugonjwa wa pumu.

Tukawasha moto jioni. Kuni mbichi haziwaki, hufuka. Usiku kucha moshi mzito ukawa unaelekea nyumbani kwake. Asubuhi alikuja, akatusalimia vizuri, akaomba tuzime au tupunguze. Mmoja wetu akamjibu kwa upole kabisa, "Vumilia bibi, ni siku tatu tu. Hii ni kazi ya Mungu." Akatuangalia, akasema, "Kama ni kazi ya Mungu, mbona moshi wake umeletwa kwangu peke yangu?"

Hatukuwa na jibu, na tanuri hatukulizima. Usiku wa pili alibanwa na kifua, akapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa kituo cha afya. Alhamdulillah, alipona. Ila mimi wiki ile ile nilikuwa nimepanga kuwasomesha wanafunzi wangu somo la haki za jirani. Nilisimama mbele yao nikiwa na chaki mkononi, na dirishani tulikuwa tunaliona tanuri linafuka.

Nimelisimulia hili ili msomaji ajue kwamba aliyeandika makala haya naye ni mchafuzi wa hewa. Tanuri la matofali ni kiwanda kidogo. Tofauti yake na kiwanda kikubwa cha mjini ni ukubwa wa bomba na idadi ya majirani. Hukumu ni ile ile.

Chuma na mizani katika aya moja

Wapo watakaosema kuwa mwalimu anataka kuturudisha kwenye jembe la mti. Hasha. Uislamu haukupiga vita viwanda. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake na akafundishwa kutengeneza nguo za vita. Dhul-Qarnayn alivukuta moto juu ya vipande vya chuma mpaka vikawa vyekundu, akajenga kizuizi cha kuwalinda wanyonge. Hayo yote yamo katika Qur'an.

Sisi watu wa Kagera tuna sababu ya ziada ya kulielewa hili. Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, na chuma kilikuwa alama ya enzi yao. Wazungu waliofika kwa Mfalme Rumanyika, Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, waliandika juu ya hazina ya vitu vya chuma na shaba waliyooneshwa. Waislamu nao walikuwepo. Wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia ya Unyanyembe walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na hapa. Na upande wa Ziwa, mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kuwa mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua katika matanuri ya udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kazi hiyo ilikula mkaa mwingi, na utafiti wa huko huko ulionesha kuwa ilichangia kuimaliza misitu ya kandokando ya Ziwa. Kwa hiyo faida ya tanuri na gharama yake ni mambo tunayoyajua tangu zamani.

Sasa tazama hekima ya Allah (s.w.). Katika Surat Al-Hadid, aya ya 25, ametaja kuteremsha chuma, chenye nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Lakini katika aya hiyo hiyo, kabla ya kutaja chuma, ametaja kuteremsha Kitabu na Mizani ili watu wasimamie uadilifu. Mizani imetangulia, chuma kikafuata. Mwenye kukichukua chuma akaiacha mizani amechukua nusu ya aya.

Na katika Surat Al-Aaraf, aya ya 56, tumekatazwa kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kuwa imetengenezwa vyema. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 205, ametajwa mtu ambaye akipata nguvu huenda huku na huko akiangamiza mimea na vizazi. Zingatia maneno hayo mawili, mimea na vizazi. Mbele kidogo tutaona mji mmoja ambamo moshi wa kiwanda uliingia katika damu za watoto.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.)

Msingi wa somo letu ni hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo, ambayo Imam Nawawi ameiweka namba 32 katika Arubaini yake. Maana yake ni kuwa katika Uislamu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wanazuoni wameijengea juu yake milango mingi ya fiqhi.

Ipo pia hadithi ya Bukhari na Muslim inayomfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mvukuta wa mhunzi. Mvukuta utakuunguzia nguo, na kama si hivyo basi utapata harufu yake mbaya. Tumeizoea hadithi hii katika somo la urafiki, lakini inatufundisha jambo jingine pia, kwamba madhara ya tanuri humfikia hata yule ambaye hakuligusa.

Halafu kuna hadithi ya kitunguu saumu. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti mpaka harufu iishe, kwa sababu anawaudhi wenzake. Jiulize, ndugu yangu. Ikiwa harufu ya kitunguu, chakula cha halali kisichomuumiza mtu mapafu, imemzuia mtu kuingia msikitini, vipi kuhusu moshi unaompeleka mtu hospitali?

Na ipo ile hadithi ya jahazi, aliyoipokea Bukhari. Watu wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wachote maji bila kuwasumbua wa juu. Nia yao haikuwa mbaya, na sehemu ilikuwa yao. Lakini wangeachwa, wote wangezama. Hewa ndiyo jahazi letu. Mwenye kiwanda anamiliki ardhi, mitambo na bomba. Hewa iliyo juu ya bomba hilo haimiliki.

Mafaqihi walisemaje kuhusu moshi?

Baadhi yetu tunadhani kuwa uchafuzi wa hewa ni jambo jipya ambalo vitabu vya zamani havikulijua. Si kweli. Katika Al-Mudawwana, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Maliki, limo suali la mtu anayetaka kujenga hamamu au tanuri la mikate katikati ya nyumba za watu. Jibu ni kwamba majirani wana haki ya kumzuia ikiwa watapata madhara.

Maafisa wa hisba, waliokuwa wakikagua masoko katika miji ya Kiislamu, walikuwa na kanuni zao. Ash-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12, ameeleza kuwa waoka mikate waamrishwe kuinua dari za maduka yao na kuweka matundu mapana ya kutolea moshi ili watu wasidhurike. Kwa maana hiyo ukaguzi wa mabomba ya moshi ulikuwa kazi ya dola ya Kiislamu miaka mia nane na zaidi iliyopita.

Nayo Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniyya iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876, katika kifungu cha 1200 inasema kuwa madhara makubwa huondolewa, na katika mifano yake imetaja tanuri ambalo moshi wake unamfanya jirani ashindwe kukaa nyumbani kwake.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na uaminifu wa elimu unanilazimisha niseme kuwa madhehebu yetu yamempa mwenye mali nafasi pana zaidi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kauli yenye nguvu ni kuwa mtu anaweza kuigeuza nyumba yake kuwa hamamu, au duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Lakini kuna sharti. Anaruhusiwa pale anapochukua tahadhari na kuzikaza kuta zake inavyotakiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Hata madhehebu yaliyompa mwenye mali uhuru zaidi hayakumwacha bila tahadhari. Zama zile tahadhari ilikuwa kukaza ukuta. Zama zetu, ambapo moshi wa kiwanda kimoja unafika mitaa mitatu, tahadhari ni chujio kwenye bomba, mtambo wa kunasa vumbi na umbali wa kutosha kutoka makazi ya watu. Mwenye kiwanda anayesema "hii ni mali yangu" huku akiacha kuweka chujio, ameshika ruhusa na kulitupa sharti lake.

Kuna hoja husikika mara nyingi mijini: "Kiwanda kilikuwepo kabla yenu, nyie ndio mliokifuata." Hoja hii ina sehemu ya haki. Majalla yenyewe, katika kifungu cha 1207, haimruhusu aliyejenga nyumba mpya kando ya duka la zamani la mhunzi kudai lifungwe kwa sababu ya kelele. Lakini kifungu cha 7 kinaweka kanuni nyingine, kwamba madhara hayapati uhalali kwa sababu ya ukongwe wake. Kero ya mtu mmoja aliyeifuata mwenyewe ni jambo moja. Sumu inayoenea kwa umma ni jambo jingine, na kanuni ya mafaqihi ni kuwa madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuondoa madhara ya umma.

Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa

Msomaji wa mjini anaweza kusema kuwa tanuri la Bweranyange linawaka siku tatu na kuzimika, hivyo silitumie kuhukumu viwanda. Basi twende Mombasa tukaone kiwanda ambacho hakikuzimika baada ya siku tatu.

Kijiji cha Owino Uhuru kipo eneo la Mikindani. Ni makazi ya watu wa kipato cha chini wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani kabisa mwa kijiji. Moshi ukatanda juu ya mapaa ya mabati, mvua ikauteremsha, maji machafu nayo yakapita kati ya nyumba. Watoto wakaanza kuugua. Risasi ni sumu inayoshambulia ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa ubongo wake bado unajengeka.

Mwanamke mmoja aliyeajiriwa kiwandani hapo, Bi Phyllis Omido, aligundua kuwa mwanawe mchanga anaugua kwa sumu hiyo. Akaacha kazi na kuanza kupigania haki za wanakijiji. Alikamatwa, akatishwa, hakukoma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira iitwayo Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia ile.

Lipo jambo la kuzingatia hapa. Mahakama haikuwabebesha lawama wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizopaswa kukagua na zikanyamaza nazo zilibebeshwa sehemu ya fidia. Kwa lugha yetu, mtu wa hisba anayefumba macho ni mshirika wa madhara.

Hesabu miaka, ndugu msomaji. Kuanzia 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana. Fidia inaweza kumlipia matibabu, lakini akili iliyodumazwa na risasi haimrudishii. Ndiyo maana mafaqihi wakasema kuwa madhara huzuiwa kwanza kabla hayajatokea, kadiri inavyowezekana.

Tabata na kosa la kuhamisha moshi

Nyumbani Tanzania tunalo somo letu pia, ingawa halikuwa la kiwanda bali la jalala. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya taka zilizokuwa zikichomwa karibu yao. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, mahakama ilikataa, ikasema kuwa kuwaweka watu katika hali ile ni kuhatarisha haki yao ya kuishi inayolindwa na ibara ya 14 ya Katiba.

Kisha nini kikatokea? Taka zikaanza kupelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakasikilizwa. Hapa ndipo tunapoiona kanuni nyingine ya fiqhi ikithibiti, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yanayofanana nayo. Kuhamisha moshi kutoka kwa jirani mwenye sauti na kuupeleka kwa jirani mnyonge si kuuondoa. Kadhalika kurefusha bomba peke yake bila chujio mara nyingi ni kuupeleka moshi mtaa wa mbali zaidi.

Je, moshi unaweza kupunguzwa?

Ndiyo, na kwa njia zinazojulikana. Wengi tukisikia "punguza uchafuzi" tunafikiri maana yake ni kufunga kiwanda na kufukuza wafanyakazi. Tutazame machache.

Kwanza, vumbi. Vumbi la hatari zaidi ni lile lisiloonekana, lenye chembe nyembamba takriban mara 30 kuliko unywele, kwani hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Katika viwanda vya saruji na vya unga vumbi hunaswa kwa vichujio vya mifuko mirefu ya kitambaa, ambamo hewa hupita na vumbi kubaki. Vipo pia vichujio vinavyotumia umeme kulivuta vumbi kwenye mabamba ya chuma. Kwa mashine za kukoboa kahawa kama hizi tulizo nazo Karagwe, kuna chombo rahisi cha bati chenye umbo la faneli. Feni husukuma hewa yenye vumbi izunguke ndani yake kwa kasi, vumbi zito hugonga ukingoni na kuangukia kwenye gunia lililo chini. Fundi mzuri wa bati akipewa vipimo anaweza kukitengeneza.

Pili, gesi. Katika mji wa Mufulira, Zambia, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1937 kilitoa gesi ya salfa kwa miongo mingi, na watu wa mtaa wa Kankoyo walioishi chini ya moshi huo walikohoa na bustani zao zikakauka. Mwaka 2014 mitambo ya kunasa gesi ilikamilishwa, na sehemu kubwa ya gesi ile ikawa inageuzwa kuwa tindikali ya salfa, ambayo ni bidhaa yenye soko. Kilichokuwa kikiwakausha watu koo kikawa mali. Swali linalobaki ni kwa nini vizazi viwili vilisubiri.

Tatu, nishati. Kuni kavu hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Maganda ya kahawa na pumba, badala ya kuchomwa ovyo, yanaweza kutumika kama nishati katika tanuri lililojengwa vizuri. Na kwa ujenzi, yapo matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa kabisa.

Nne, sheria yenye meno. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano, na makadirio ya wakati ule yalikuwa watu wapatao 4,000 wamekufa. Mwaka 1956 Waingereza wakatunga sheria ya hewa safi. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 4 kinampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo imeagiza miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Tatizo letu kubwa ni kuwa wananchi hawaijui, na wanaoijua hawaulizi.

Sadaka ya mwenye kiwanda

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, na naomba nisieleweke vibaya. Katika miji yetu wapo matajiri wanaojenga misikiti, wanaofuturisha Ramadhani na kuchimba visima. Allah awalipe kheri. Lakini wapo miongoni mwao ambao bomba la kiwanda chao linamwaga masizi juu ya mtaa ule ule wenye msikiti waliousaidia. Na sisi viongozi wa misikiti tunanyamaza, kwa sababu zulia ni lao na feni ni zao.

Tukumbuke hadithi ya mufilisi, aliyoipokea Muslim. Atakuja mtu Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule na kumpiga mwingine. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Ipo pia hadithi ya mwanamke aliyetajwa kwa wingi wa swala, funga na sadaka, ila alikuwa akiwaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume (s.a.w.) akasema huyo ni wa motoni. Ikiwa ulimi umefanya hivyo, bomba la moshi je?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu karibu milioni 7 hufa mapema kila mwaka duniani kutokana na hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja. Kila mmoja wao ana haki, na kila haki ina mdai.

Hivyo basi, kumwambia tajiri wa msikiti wetu kwa adabu, "Haji, tunakushukuru kwa zulia, lakini watoto wa madrasa wanakohoa, tunaomba uanze na chujio," si utovu wa shukurani. Ni nasaha, na ni kumnusuru ndugu yetu asije kuwa mufilisi.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne, na yote yapo ndani ya uwezo wetu.

1. Kila kamati ya msikiti au madrasa inayojenga iulize kabla ya kuwasha tanuri: upepo unaelekea kwa nani? Kuni ni kavu? Kuna mgonjwa jirani? Tunaweza kutumia matofali yasiyochomwa?

2. Muislamu mwenye kiwanda, karakana au mashine ya kusaga na kukoboa ahesabu chujio kuwa ni gharama ya lazima ya biashara, kama anavyohesabu mshahara na kodi. Faida iliyopatikana kwa kuokoa gharama ya chujio imechotwa kutoka kwenye mapafu ya jirani.

3. Wakazi wanaodhurika waandike tarehe, saa, upande wa upepo na majina ya waliougua. Wakaanze na mwenye kiwanda, kisha serikali ya mtaa, kisha ofisa mazingira wa wilaya, na ikibidi mahakama. Wafanye hivyo pamoja, Waislamu na wasio Waislamu, kwa kuwa moshi hauulizi dini.

4. Walimu na maimamu tulisomeshe suala hili ndani ya somo la haki za jirani. Hizo hadithi za kitunguu saumu na za mvukuta tunazo tayari.

Sisi wa Bweranyange tulifanya tulichoweza. Tulikwenda kwa bibi yule, kamati nzima, tukamuomba radhi na kumrudishia gharama za matibabu. Alipokea, akatupa viti, akatukaribisha ndizi. Darasa la pili tunalijenga kwa matofali ya kufungamana. Ni ghali zaidi, na kazi inakwenda polepole mpaka baadhi ya waumini wananung'unika. Mimi kila nikipita pale huwa namsikia bibi akikohoa ndani, na sijui ni pumu yake ya siku zote au ni zile siku zetu. Alisema ametusamehe. Namuomba Allah (s.w.) aikubali samaha hiyo, atusamehe na sisi tulioziba masikio, na atupe hima ya kuondoa madhara kabla ya kuombwa mara ya pili.